Posta Hupandwa kwa Upande wa Kulia

Huku Lugari, mahali Kakamega inakoishia, kila mtu alijua kwamba Posta hupandwa kwa upande wa kulia. Asiyejua alijulishwa na matope. Wazungu walioleta farasi nchini waliwapanda kwa kushoto, na pengine farasi wao walikubali, lakini Posta alifunzwa na Chrispinus, na Chrispinus aliwahi kuanguka kutoka kwenye trekta akiwa mvulana, akavunjika mguu wa kushoto, na mguu ule haukuwa tena wa kutegemewa. Basi alimpanda kwa kulia na kuteremka kwa kulia. Posta hakujua kama kuna njia nyingine.

Alikuwa farasi mfupi, wa rangi ya udongo uliolowa, mwenye tumbo la mzee wa baraza. Jina la Posta alilipata kwa tabia yake: boma lolote alikowahi kufungwa, ukipita naye hapo tena lazima asimame kama mtu aliyeleta barua, angoje mpaka aridhike, ndipo aendelee. Baba yake Chrispinus, marehemu mume wa Navalayo, alikuwa saisi, mtunza farasi wa mzungu aliyelima hapo kabla ya Uhuru. Mzungu alipofunga virago, wafanyakazi wengine waliachiwa plau na ng'ombe wa maziwa. Saisi akaachiwa farasi jike. Watu walicheka mpaka wakachoka. Posta alikuwa mtoto wa mwisho wa jike yule, na kufikia mwaka wa tisini na saba hakukuwa na farasi mwingine pale wa kumkumbusha kwamba yeye ni farasi.

Mwezi wa tano wa mwaka huo Chrispinus alimtandika Posta jioni, akamwambia mama yake, Navalayo, kwamba hatakawia, akaenda zake. Hakusema anakokwenda. Asubuhi Navalayo alimkuta Posta amesimama langoni, amelowa mpaka kwenye manyoya ya shingo, tandiko limegeuka liko chini ya tumbo. Pale nyumbani mvua haikuwa imenyesha. Ilikuwa imenyesha huko juu, unakotoka mto Kipkaren.

Walimtafuta. Vijana walifuata ukingo wa mto mpaka unakoingia Nzoia, wakachokoachokoa kila rundo la magugu kwa miti mirefu, wakarudi mikono mitupu. Hakikupatikana hata kiatu.

Sasa, mtu akichukuliwa na maji namna hiyo asionekane, Waluhya hawaachi mambo yakining'inia. Hukata mgomba wa kimo chake, wakauvisha nguo zake, wakaulaza kaburini kama mwili. Watu hulia, hunyolewa, na aliyekwenda akapata pa kulala. Asipofanyiwa hivyo atatangatanga, atawabishia hodi jamaa zake mpaka wachoke. Erastus, ndugu wa marehemu saisi na sasa mkubwa wa ukoo, alikuja na panga mkononi na kofia kifuani.

"Shemeji, wakati umefika. Wacha tufanye ile kitu."

"Kitu gani?"

"Unaijua."

"Mimi sizikangi ndizi," Navalayo alimjibu. "Ndizi ni ya kula. Chrispinus ako Eldoret, ama amevuka Uganda. Atarudi."

Erastus alivaa kofia yake akaondoka. Navalayo alikuwa mkaidi tangu usichana, na ukaidi wa mama anayengoja mtoto hauna dawa. Kila siku alifagia isimba, ile nyumba ndogo ya kijana iliyokaa karibu na lango. Kila jioni alisonga obusuma, ugali wa watu wawili, akafunika sahani moja kwa nyingine na kuiacha mezani, na mlango akaurudisha tu bila komeo. Alizoea hivyo tangu Chrispinus aanze safari zake za jioni. Hakuwa akilala kabla ya kusikia tandiko likitupwa sakafuni kule isimba, na mwanawe alilijua hilo. Siku hizi chakula kile waliamkia kuku. Nywele zake hakuzinyoa. Kisimani wanawake walipunguza sauti alipofika, nusu kwa huruma na nusu kwa woga.

Yote hayo aliyaweza. Asichokiweza kilikuwa Posta. Jioni ikifika, saa ile ile ya kutandikwa, Posta alikwenda mwenyewe mpaka mlango wa isimba, akasimama ubavu wake wa kulia ukiuelekea mlango. Halafu alijikaza mgongo, akapiga hatua moja ya pembeni, kama afanyavyo farasi mtu anapompanda. Akasimama hivyo, amebeba. Giza likishaingia alijitikisa mwili mzima na kwenda zizini. Navalayo alikuwa akiyatazama hayo kutoka jikoni, mwiko mkononi, na obusuma ukaungua mara nyingi. Wala Posta hakuwa akila vizuri. Mbavu zikaanza kuonekana.

Mwezi wa kumi ikaja ile mvua iliyoitwa Elnino, ambayo hata wazee walikiri hawajaiona. Barabara zikawa uji. Baiskeli zilibebwa na wenyewe badala ya wenyewe kubebwa. Mama mmoja wa mimba ya kwanza akafia njiani, kwenye machela, watu wanne wakiwa wamezama kwenye tope mpaka magotini, na zahanati wanaiona pale mbele. Kesho yake Erastus alimleta kwa Navalayo mkunga wa zahanati ile, Sista Awinja, msichana wa Khwisero, mwembamba, mwenye gambuti kubwa kuliko miguu yake.

"Mama, nimekuja kuomba farasi," Awinja alisema kabla hajakaa.

"Farasi si yangu. Mwenyewe hayuko."

Erastus alifungua mdomo, lakini Awinja akamwahi.

"Sawa, mama. Nisaidie nayo tu. Akirudi nitamrudishia mwenyewe, mkononi mwake."

Navalayo alimtazama msichana yule kwa muda. Tangu mwezi wa tano hakuna mtu aliyekuwa amemtamkia neno lile, akirudi. Wote walisema pole. Moyo wake ulilegea hapo hapo, akaona haya, akainuka kwenda kutafuta hatamu ambazo zilikuwa mbele ya macho yake.

Lakini palikuwa na sababu nyingine, na hiyo hakumwambia mtu. Aliyeona kilichompata Chrispinus alikuwa Posta peke yake. Navalayo alishajaribu kumshika kamba na kumwambia twende, nionyeshe, na Posta akagoma, kwa sababu Posta haendi safari bila mtu mgongoni. Yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye mwili wake, hakuwahi kupanda farasi. Sasa mtu wa kupanda alikuwa amejileta.

"Umpande kwa kulia," alisema akifunga mshipi wa tandiko. "Usimpige. Na usimvushe mto. Hata ukiitwa ng'ambo na nani, usimvushe."

"Huko ng'ambo si wako na mkunga wao?"

"Nimesema usimvushe."

Ng'ambo ya Kipkaren waliishi Wanandi. Kabla ya fujo za mwaka wa tisini na mbili pande hizi mbili zilikopeshana chumvi na mafahali. Baada yake zilisalimiana sokoni kwa vichwa tu. Wapo walionong'ona kwamba Chrispinus hakuchukuliwa na maji, alichukuliwa na watu, na mnong'ono huo ulifika masikioni mwa Navalayo ukakaa. Hata hivyo, alipomkataza Awinja asivuke, hakuwa na wasiwasi na Wanandi, na Mungu amsamehe, hata hakufikiria kwamba msichana wa watu angeweza kuzama. Alitaka kujua, na aliogopa kujua, yote mawili kwa pamoja. Aliogopa mto utamjibu.

Awinja alizunguka upande wa kulia. Kabla hajainua mguu, Posta alijikaza mgongo na kupiga ile hatua ya pembeni. Awinja akangoja, akidhani farasi anajiweka sawa. Kisha akapanda, na Posta akapiga hatua ya pili. Erastus alicheka, akasema farasi naye anacheza ngoma. Navalayo hakucheka.

Posta alipona. Alikula, mbavu zikajificha, akarudi kuwa na tumbo lake la mzee wa baraza. Kila kona ya Lugari watu walizoea kumwona Sista Awinja akipita, kichwa chake juu ya mahindi, mwavuli mkononi, na watoto waliozaliwa msimu ule wangeambiwa baadaye kwamba waliletwa na Posta. Navalayo aliletewa ingokho, kuku wa heshima, mara mbili na watu wa shukrani. Alipokea, akasema atamhifadhia Chrispinus.

Jioni moja Awinja alipomrudisha farasi, hakuaga mara moja. Alisimama akizungushazungusha hatamu kidoleni.

"Mama, nikuulize kitu. Huyu farasi zamani alikuwa anabebanga watu wawili?"

"Kwa nini?"

"Anatembea kama amebeba wawili. Kwa mlima anahema hivyo, na mimi si mzito. Na nikishuka anakataa kutoka hapo. Anangoja, kama kuna mwingine hajashuka. Halafu anajitikisa ndio aende."

"Ni mzee. Mifupa inamuuma."

"Na hatamu, mama. Tukifika pale njia inakata kwenda mtoni, hatamu zinavutwa. Si yeye anavuta, farasi akivuta mimi najua sasa. Ni kama mkono uko hapa juu ya mkono yangu." Akaonyesha kiganja chake cha kulia. "Haunifinyi. Unavuta tu."

"Ni matope hayo," Navalayo alisema. "Matope huvuta."

Msichana alipokwenda, Navalayo alivua tandiko akaligusa pale mtu anapoketi. Palikuwa na joto. Akajiambia ni joto la Awinja. Kisha akagusa nyuma kidogo, pale ambapo Awinja hakuketi, akauondoa mkono wake haraka. Aliingia ndani akasonga obusuma wa watu wawili, akaurudisha mlango bila komeo, na kwa mara ya kwanza alitamani kuufunga.

Wiki moja kabla ya Krismasi mvua ilipumzika kidogo. Awinja alimchukua Posta mchana kwenda kumwangalia mama wa mapacha, mwendo mfupi tu, upande huu huu wa mto. Jua lilishuka, hakurudi. Navalayo alisimama langoni, akaenda jikoni, akarudi langoni. Mtu alipita akasema nyayo za farasi zimeonekana zikiteremka kwenye kivuko cha mawe, na hazikurudi. Yaliyompata Navalayo usiku ule yanatosha kusemwa hivi tu, kwamba hakulala, na kwamba aliomba kwa ajili ya mtoto wa mama mwingine zaidi kuliko alivyowahi kumwombea wake.

Kulipokucha alikuwa pale pale langoni, pale alipomkuta Posta mwezi wa tano. Erastus naye alikuwa amefika, na panga lake la kufyekea njia. Ndipo Posta akatokea kwenye ukungu, polepole, na juu yake kulikuwa na mtu. Navalayo alishaanza kulitamka jina alipoona gambuti.

Awinja aliteremka kwa kulia. Alikuwa amelowa mpaka kiunoni, amejifunga shuka ya mtu mwingine. Posta akabaki amesimama pale, hakujitikisa.

"Mama, nimevuka," Awinja alisema. "Nisamehe. Sikuvuka mimi. Nilivushwa."

Walimketisha, akapewa chai, akaeleza. Kwenye njia panda ya mtoni hatamu zilivutwa, na safari hii hazikuachiliwa. Posta aliingia majini. Maji yalimfika kifuani, Awinja akakumbatia shingo, akafumba macho, na alipoyafumbua walikuwa ng'ambo. Posta akapanda kilima bila kuulizwa, akaingia boma moja, akazunguka nyuma ya ghala, akasimama kwenye nguzo iliyochakaa kwa kufungiwa kamba. Msichana akatoka mbio ndani ya nyumba, tumbo mbele yake, akilia, "Chris! Chris!" Alipoona ni mwanamke mgeni aliye juu ya farasi, alikaa chini. Uchungu ukamshika pale pale chini.

"Anaitwa Cheptoo," Awinja alisema. "Amejifungua salama. Ni mvulana."

Erastus aliondoa kofia yake.

"Lakini mtoto analia, mama. Tangu azaliwe. Hakuna mahali anauma, nimemwangalia kila mahali. Anakataa titi. Bibi yake ameita majina ya kwao mpaka yamekwisha. Sauti ya mtoto imeanza kwisha pia. Wamesema niwaletee mama ya mwenye farasi."

Hapo Navalayo alielewa wanachomtakia, na akachukia kila mtu aliyekuwa mbele yake. Kwa maana pande zote mbili za mto wanajua jambo hili sawasawa: mtoto mchanga akilia bila ugonjwa, kuna mtu wake aliyetangulia anayetaka kuitwa. Huitwa wafu wa ukoo, mmoja mmoja, mpaka afikiwe yule mwenyewe, na mtoto akatulia. Huitwa wafu tu. Kumwita hivyo mtu aliye hai ni kumsukuma kaburini kwa mkono wako.

"Nenda, shemeji," Erastus alisema kwa upole ambao hakuwa nao siku zote. "Uite baba yetu, uite ndugu yangu. Pengine ni hao anataka."

"Pengine," Navalayo alisema, akaling'ang'ania neno hilo.

Kumpandisha Navalayo kulikuwa kazi. Erastus alisukuma, Awinja akavuta, na siku nyingine yoyote Lugari nzima ingekuja kutazama na kucheka. Alizunguka upande wa kulia. Kabla hajaguswa, Posta alijikaza mgongo, akapiga hatua ya pembeni. Navalayo aliiona kwa karibu safari hii, aliona mgongo ukipokea uzito. Kisha akapanda yeye, na akahisi chini yake farasi anayebeba wawili. Hakugeuka kutazama nyuma. Alikuwa anajua kwamba kama angegeuka, asingeona kitu, na hilo ndilo alilokuwa haliwezi.

Mtoni maji yalikuwa yameshuka kidogo tangu jana. Awinja alishika mkia wa Posta akafuata kwa nyuma, maji kiunoni. Katikati ya kivuko, penye jiwe jeusi lililotoa mgongo, Posta alisimama. Aliinamisha kichwa, akaweka pua karibu na maji, akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Navalayo akatazama pale anapotazama farasi. Palikuwa na maji tu, ya kahawia, yanazunguka nyuma ya jiwe na kwenda zake. Aliomba Posta aendelee. Posta aliendelea alipokuwa tayari.

Kilio cha mtoto walikisikia kabla ya kuona boma. Kilikuwa kimekauka, kama bawaba isiyo na mafuta. Posta alizunguka nyuma ya ghala akasimama kwenye nguzo yake. Navalayo aliteremka, akaishika ile nguzo, na vidole vyake vikaingia kwenye mtaro uliochimbwa na kamba ya mwanawe. Safari zote zile za jioni. Alikuwa amedhani anakwenda kucheza karata.

Mama Kibet, mama yake Cheptoo, alikuwa mlangoni. Walitazamana wanawake wawili ambao walikuwa wameepukana sokoni kwa miaka mitano.

"Chamge," alisema Mama Kibet.

"Mulembe," alijibu Navalayo, na akaingia.

Cheptoo alikuwa amelazwa kwenye ngozi karibu na moto, macho yamevimba. Mtoto alikuwa mapajani mwake, amekunja ngumi, mdomo wazi.

"Tumeita watu wetu wote," Mama Kibet alisema. "Babu, na babu ya babu. Hata yule mlevi ambaye kwa hii boma hatutajangi. Amekataa. Kwetu mtoto akipata mwenyewe anapiga chafya, ananyamaza. Huyu hakuna chafya, hakuna kunyamaza. Anatafuta watu wake."

Navalayo hakumsikiliza. Alikuwa amepiga magoti mbele ya msichana.

"Siku ile. Niambie."

Cheptoo alimtazama mama yake, kisha akasema kwa sauti ndogo. "Nilimwambia niko na mimba. Alifurahi, akacheka sana. Akasema anaenda kukuambia sasa hivi, hata kama wewe utamchapa. Mimi nikamwambia ngoja, sikia mto unalia, huko juu kumenyesha. Lala hapa, uende asubuhi. Akakataa."

"Kwa nini alikataa?"

Cheptoo alimfunika mtoto miguu.

"Sema, mtoto wangu."

"Alisema, mama halalangi mpaka nirudi. Ameniwekea chakula."

Navalayo alikaa chini kabisa. Kisha alinyoosha mikono akampokea. Alikuwa mwepesi, mwekundu, mwenye vidole vya miguu virefu ambavyo hakuhitaji kuonyeshwa ni vya nani. Akamwinamia sikioni, akaanza kuwaita watu wake.

Alimwita Shikanga, baba mkwe wake. Mtoto alilia. Alimwita mumewe, saisi, kwa jina lake la nyumbani na lile la ubatizo, na akangoja kwa hamu, kwa maana hilo lingetosha, hilo angelirudisha nyumbani kwa furaha. Mtoto alilia. Akamwita ndugu yake aliyekufa kwa ndui. Akamwita hata mama mkwe wake, ingawa huyu ni mvulana na ingawa mwanamke yule hakuwahi kumtakia mema. Akaita wajomba. Akaita watu ambao hakuwa na hakika kama ni wa ukoo. Majina yalikwisha, akarudia, na sauti ya mtoto ikawa inakatika katikati, ikawa inatoka pumzi bila sauti, na mdomo ungali wazi.

Awinja alikuwa amesimama ukutani. Mama Kibet alitazama moto. Wote mle ndani walijua jina lililobaki.

"Si wa kwetu," Navalayo alisema, akamnyoosha mtoto kama wa kumrudisha. "Mnaona amekataa. Si wa kwetu."

"Mama," Cheptoo alilia, "tafadhali. Hajanyonya tangu jana."

Hakumpokea. Mtoto akabaki hewani, mikononi mwa bibi yake, akitetemeka kwa kilio ambacho hakikuwa tena na nguvu. Navalayo alimrudisha kifuani. Aliwaza mezani kwake, ile sahani iliyofunikwa. Aliwaza mlango usio na komeo. Kisha akaweka midomo kwenye sikio lile dogo, na akalisema polepole, kama mtu anayemwamsha kijana wake aliyechelewa kulala.

"Chrispinus."

Mtoto alinyamaza.

Navalayo alimtazama, na tangu azaliwe hakuwahi kuomba mtoto alie, lakini aliomba sasa. Lia, alimwambia kimoyomoyo. Lia baba, kataa, hata mara moja tu. Mtoto alipiga chafya ndogo. Akageuza uso, akatafuta kwa mdomo kwenye kitambaa cha gauni la bibi yake, na Mama Kibet akamchukua polepole akamweka kwa mama yake, naye akashika titi akanyonya kwa pupa.

Nyuma ya ghala Posta alijitikisa. Walisikia vyuma vya hatamu vikilia na ngozi ya tandiko ikipigapiga, kwa muda mrefu, kisha kimya, kisha sauti ya farasi anayekata nyasi kwa meno.

Navalayo alifungua kitambaa chake cha kichwa akakiweka magotini. Nywele zilikuwa zimekua nyingi, na nyeupe kuliko alivyojua.

"Awinja," alisema. "Chukua farasi urudi. Mwambie shemeji akate mgomba leo."

"Ndiyo, mama."

"Asikate ile mifupi ya karibu na jikoni. Aende kule chini kwa mtaro." Akapima kwa mkono hewani, juu ya kichwa chake, mkono ukashindwa kufika. "Achague mrefu. Chrispinus alikuwa mrefu."